Klabu ya hadubini inapungua watu, tununue mashine ya mara 2000? Na maji ya majirani je, tupime?

"Mwanangu, habari za kazi. Mimi ni bwana shamba mstaafu wa kahawa, nakaa Usa River. Nilinunua hadubini ya shule ya mtumba, ina kioo cha chini na inaishia kukuza mara 400, basi tukaanzisha kaklabu, kila jumamosi jioni watu wanakuja barazani kwangu. Yupo mwalimu wa bayolojia, fundi redio, mama mwenye duka la dawa za mifugo, kijana wa bodaboda na watoto wa sekondari. Mwanzoni palikuwa panajaa, tumeangalia ngozi ya kitunguu, nywele, mguu wa nzi, hadi damu ya mwalimu alipojikata. Sasa hivi wanakuja wanne watano tu. Fundi anasema shida ni mashine, tuchange tuagize ile ya mtandaoni inayokuza mara 2000. Halafu majirani wanaleta maji kwenye chupa tuwapimie kama ni salama, kuna kisima tuliona vidoti vinatetemeka, mama wa watu akaacha kuchota pale. Juzi kaja mwingine na choo cha mtoto kwenye kopo. Nikikataa naonekana najivuna. Je tununue hiyo mashine, maji tuendelee kupima, na tufanyeje klabu isife?"

Shikamoo mzee wangu. Hilo kopo limenichekesha, unisamehe, sisi watu wa maabara makopo ya hivyo ndo kazi yetu ya asubuhi. Umeuliza maswali matatu ila mi naona yote yanatoka sehemu moja: watu wameanza kuitazama hadubini yenu kama mashine ya kutoa majibu, na isipotoa majibu wanasema ni ndogo. Sio ndogo. Mashine ya 2000 msinunue, maji ya watu msiyatolee hukumu, na klabu haitakufa mkibadilisha namna mnavyokaa hizo jumamosi. Ila nikiishia hapo fundi wako hatakubali, na ana haki, kwa hiyo ngoja niende taratibu.

Tuanze na hiyo 2000. Kukuza kitu na kukiona vizuri ni mambo mawili tofauti, na wauzaji wanaishi kwa kutuchanganya hapo. Chukua picha uliyotumiwa WhatsApp, ivute kwa vidole ikue, ikue tena, inafika mahali inakuwa kubwa lakini huoni kipya, ni ukungu mkubwa tu. Hadubini nayo ina mwisho wake, na mwisho huo hauwekwi na namba ya kukuza, unawekwa na mwanga wenyewe pamoja na upana wa kona ambayo lenzi inaweza kuukusanya huo mwanga. Mjerumani mmoja Ernst Abbe, aliyekuwa akifanya kazi na Carl Zeiss pale Jena, aliliandika hili mwaka 1873 na halijapinduliwa kwa hadubini za kawaida mpaka leo.

Shika hadubini yako uangalie ubavuni mwa lenzi za chini, utakuta namba mbili, kawaida ni 4/0.10, 10/0.25 na 40/0.65. Ya kwanza wote mnaijua, ni ya kukuza. Ya pili hakuna anayeisoma na ndo yenye maana. Mwanga wa kijani una urefu wa wimbi kama maikromita 0.55 (maikromita 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ugawe kwa mara mbili ya hiyo namba ya pili, unapata umbali mdogo kabisa ambao vidoti viwili bado vitaonekana viwili. Kwa lenzi ya 40/0.65 unapata kama 0.42. Kwa lenzi ya 100 inayotumia mafuta (tone linawekwa kati ya lenzi na slaidi), yenye 1.25, unapata kama 0.22. Basi, hapo ndo ukuta. Kuna kanuni ya haraka tunawapa wanafunzi: chukua hiyo namba ya pili zidisha mara 1000, ukuzaji ukipita hapo ni hewa. Lenzi yenu ya 40 mwisho wake 650, ya mafuta mwisho wake 1250. Hiyo 2000 wanaipataje sasa? Wanachukua lenzi ya 100 ileile wanaweka lenzi ya jicho ya 20 badala ya 10, wanapiga hesabu, wanachapisha kwenye boksi. Unachokiona hakijaongezeka hata kidogo ila giza limeongezeka.

Na 400 mnayoidharau inakuonyesha nini? Paramesia, kile kiumbe cha seli moja cha majini, ana robo milimita hivi, huyo hata 40 inamtosha. Hamira ina maikromita 5 mpaka 10. Spora (vijimbegu vya kuvu) za ugonjwa wa kutu ya majani ya kahawa zina kama 30. Hata bakteria wa mtindi utawaona, wadogo lakini wapo. Mi mwenyewe nikikaa na maji ya bwawa sipandi zaidi ya 100 mara nyingi, maana ukipanda sana kiumbe kinakimbia nje ya duara unabaki unakitafuta.

Kama mmeshachanga hela na hazina pa kwenda, ushauri wangu ni huu: nunueni taa nzuri ya LED ya kuchaji, maana umeme wenyewe mnaujua, slaidi na vile vioo vyembamba vya kufunikia boksi zima, na kishikio cha kufunga simu kwenye lenzi ya jicho. Hicho kishikio ndo kitu kitakachowarudishia watu, nitafika huko. Na kama yako bado inatumia kioo cha chini, tafadhali sana, kioo kielekee anga jeupe au ukuta wenye mwanga, kisielekee jua lenyewe hata siku moja. Jua likipita kwenye lenzi likaingia kwenye jicho la mtoto, jicho linaweza kuharibika kabisa. Hilo liandike ukutani.

Sasa maji. Hapa nakuomba uvumilivu maana ndo penye kosa kubwa.

Vile vidoti vilivyokuwa vinatetemeka kwenye maji ya kisima, je vilikuwa vinasafiri au vinatetemeka palepale? Kama ni palepale, kila kimoja kikirukaruka bila mwelekeo, basi kuna uwezekano mkubwa havikuwa hai hata kidogo. Robert Brown aliona kitu hichohicho mwaka 1827 akiangalia vipande vidogo kutoka kwenye chavua, kwanza akadhani ni uhai, akajaribu na unga wa mawe, nao ukatetemeka. Ni molekuli za maji zinavigonga vipande vidogo kutoka kila upande. Udongo wa mfinyanzi unafanya hivyo, majivu yanafanya hivyo, matone ya mafuta kwenye maziwa yanafanya hivyo. Kwa hiyo mama wa watu kaacha kisima kwa sababu ya vumbi, pengine anachota pengine pabaya zaidi, na nyie ndo mmesababisha bila kujua. Mrudie mumweleze.

Ila na mimi sisemi kisima ni salama! Hapo ndo utamu wa jambo ulipo. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni kwamba kwenye mililita 100 za maji ya kunywa asipatikane E. koli, bakteria anayeashiria kinyesi, hata mmoja. Sasa tone moja ni kama sehemu ya ishirini ya mililita, kwa hiyo mililita 100 ni matone kama 2000. Tuseme maji yana bakteria hao 100 kwenye mililita 100, hayo ni maji machafu, hayafai, lakini kwa wastani itabidi upitie matone 20 ndo ukutane na mmoja. Na kila tone ukilifunika na kioo cha milimita 22 kwa 22, ukiwa kwenye 400 duara unaloliona lina kipenyo cha kama milimita 0.45 tu, ina maana tone moja ni maduara kama 3000. Piga hesabu, maduara elfu 60 ili umwone bakteria mmoja, na ukimwona ni kijiti kisicho na jina, huwezi kujua huyu ni wa kinyesi au ni wa udongo asiye na neno na mtu. Ndo maana maabara hawachungulii, wanachuja mililita 100 kwenye karatasi maalum, wanaiweka kwenye chakula cha bakteria na joto, kila bakteria anazaliana mpaka anakuwa kidoa unachokihesabu kwa macho makavu. Mashine ya maana hapo ni ile ya joto.

Na kinyume chake vilevile: maji ya mfereji yaliyojaa paramesia na rotifa (vinyama vidogo sana vya majini) yanatisha kwenye skrini lakini wengi wa hao hawana habari na tumbo la binadamu. Maji meupe peee chini ya lenzi yanaweza kuua, na yenye wadudu wanaocheza yanaweza yasikufanye kitu. Hukumu yoyote mtakayotoa ni ya kubahatisha.

Halafu mzee wangu wewe uko Usa River, Maji ya Chai ni hapo mlango wa pili. Tatizo la huko mnalijua wenyewe kwa meno ya watoto, ni floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi, na floraidi imeyeyuka, hakuna hadubini ya mwanga itakayoionyesha, iwe ya 400 au ya laki nne. Kuchemsha nako hakuitoi, kunaizidisha kidogo kwa sababu maji yanapungua yenyewe inabaki. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na inapimwa kwa kipimo cha kemia. Kwa hiyo mtu akija na chupa mwambie hivi, "hapa tunaangalia viumbe kwa kujifunza, maji ya kunywa yapelekwe maabara ya maji", aulizie mamlaka ya maji, AUWSA ya Arusha au ile inayowahudumia nyie, au maabara ya ubora wa maji ya wizara. Wanao utaratibu na chupa zao maalum, asipeleke kwenye chupa ya soda iliyosuuzwa. Ukisema hivyo hujivuni, umemwelekeza.

Choo na damu hapana kabisa, hapo sina maneno matamu. Kwanza sheria, kupima sampuli za wagonjwa ni kazi ya wataalamu waliosajiliwa kwenye maabara zilizosajiliwa. Pili, hatari, damu inabeba virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini, hata ile ya mwalimu msirudie, na slaidi yake kama bado ipo iloweke kwenye jiki kabla ya kuitupa pasipofikiwa na watoto. Tatu, malaria kwenye damu hata mkitaka hamtaiona. Malaria inatafutwa kwenye damu iliyopakwa rangi ya Giemsa, kwa lenzi ya 100 ya mafuta, na mtu aliyesomea hiyo kazi anapitia maduara yasiyopungua 100 kabla ya kuandika hakuna. Mtoto mwenye kuharisha aende zahanati, na kama macho yamedidimia, hakojoi, au choo kina damu, asisubiri asubuhi.

Basi tuje kwenye klabu yenyewe, ambayo kusema kweli ndo swali nililolipenda.

Mnaenda haraka sana kutoka kitu kimoja kwenda kingine. Kitunguu leo, nywele kesho, nzi keshokutwa, kila mtu anachungulia sekunde kumi anasema "ahaa" anarudi kwenye benchi, na wenzake kumi wamekaa wanasubiri zamu wakiangalia mgongo wake. Hata ungeleta mashine ya milioni mia watu wangechoka. Mtu hawezi kupenda kitu alichokiona sekunde kumi. Uingereza kuna klabu ya watu wa kawaida wapenda hadubini inaitwa Quekett, ilianzishwa London mwaka 1865 na ipo mpaka leo, na tangu zamani mambo yake makubwa yalikuwa mawili, kutoka pamoja kwenda kuchota maji ya mabwawa, na vikao ambavyo hakuna mhadhara, kila mtu kaleta chake wanapiga soga juu ya meza. Sio kwamba muwaige, nyie mna baraza na chai ya tangawizi tayari, ila hayo mawili yanafanya kazi.

Kwanza simu. Funga simu kwenye lenzi ya jicho kwa kile kishikio, irushe kwenye TV kama mnayo, au hata simu tu ikae pale watu watatu waone pamoja. Kitu kinachotokea ni kwamba watu wanaanza kubishana, "huyo sio yule wa wiki jana", "angalia anakula", na ubishi ndo klabu yenyewe. Weka sharti moja, anayeshika skrubu lazima aongee anachokiona.

Pili, wekeni chupa ya klabu. Chukua majani makavu ya ng'ombe kiganja kimoja, weka kwenye chupa ya mdomo mpana, mimina maji ya mvua au ya bomba yaliyolala wazi siku moja, ongeza kijiko cha maji ya mfereji, usifunge kwa nguvu. Siku za mwanzo maji yanachafuka, ni bakteria tupu. Baadaye wanakuja wadogo wenye mkia wanaokula hao bakteria, halafu wakubwa wenye vinyweleo wanaokula wote, na kama wiki mbili hivi chakula kinapungua, hesabu zinaanguka, mwingine anachukua nafasi. Asiyekuja jumamosi moja kakosa sehemu, unaona? Watoto wawe na daftari wachore kwa penseli. Kuchora nasisitiza, picha ya simu haimlazimishi mtu kuangalia, mkono unamlazimisha. Mwalimu wa bayolojia atakushukuru.

Tatu, tokeni. Ule utelezi wa kahawia kwenye mawe ya mfereji, kwangulia kidogo kwa mswaki wa zamani, ni dayatomu, mwani wenye ganda la silika, yaani kioo kabisa, lenye mistari na vitundu vilivyopangika. Wapenda hadubini wa karne ya 19 walitumia dayatomu kupima ubora wa lenzi zao, kwa hiyo fundi mpe hiyo kazi, mwambie atafute mistari mpaka aione kwa hiyo 400, funga kidogo ule mlango wa mwanga chini ya meza ya slaidi mistari itokee. Akishaiona hatazungumzia 2000 tena. Zile nyasi laini fupi zinazoota kwenye kuta zenye unyevu, ziloweke usiku kucha, asubuhi kamua tone, ukiwa na bahati utakutana na tadigredi, mnyama mwenye miguu minane, mnene, mvivu, anayeweza kukauka na nyasi zake na mvua ikija anaendelea na maisha. Sio kila ukuta unao, msikate tamaa na wa kwanza.

Ziwa Duluti liko karibu, ni hifadhi ya msitu, ombeni ruhusa getini. Momella iko ndani ya Hifadhi ya Arusha, hapo kuchota bila kibali hapana, hata kama ni chupa ndogo, ingawa natamani sana vijana wangeona ule mwani wa kijani uliojizungusha ambao flamingo wanakula. Na popote muendako msiingie miguu pekupeku kwenye maji yaliyotulia au mifereji ya mpunga, kichocho kipo, kinaingia kwa ngozi. Chupa ifungwe kwenye fimbo, gambuti, mikono ioshwe kabla ya andazi.

Kuna na vitu vya jikoni. Tone la mbege kabla halijachujwa, utaona hamira zinachipua, mama anatoa mtoto ubavuni. Wasiokunywa wataangalia, wanaokunywa watasema wanaendelea na utafiti.

Ila wewe mzee wangu una kitu ambacho mimi sina, umekaa na kahawa maisha yako yote. Ule unga wa rangi ya chungwa chini ya jani, bandika selotepu, bandua, gandisha kwenye slaidi, weka lenzi ya 40. Kutu ya majani ina spora zilizopinda, upande mmoja laini kabisa, upande mwingine una vimiiba, ukiiona mara moja huisahau. Vijana watakuuliza inaingiaje kwenye jani na utawaambia inapita kwenye vile vitundu vya kupumulia vilivyo chini ya jani, halafu mnageuza jani zima mnavitafuta hivyo vitundu. Hiyo ni jioni nzima imeisha na hakuna aliyechungulia sekunde kumi. Majani yenye ugonjwa yachomwe baadaye, yasizunguke kwenye mashamba ya watu, hilo unalijua kuliko mimi. Na mkikuta ugonjwa msioujua kwenye shamba la mtu msimwandikie dawa, apeleke jani kwa afisa ugani, au TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, pale Lyamungu, au TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea, pale Ngaramtoni.

Mwisho ni utunzaji, kwa kifupi. Anzeni na lenzi ya 4 kila mara, ya 40 inakaribia slaidi chini ya milimita moja na watoto wakizungusha skrubu kubwa pale wanaivunja. Lenzi isifutwe kwa shati. Masika yakija isikae kwenye boksi lililofungwa lenye unyevu, weka vile vipakti vya silika vinavyokuja na viatu, maana ukungu ukiota ndani ya kioo unakula kioo. Ukiona utando kama nyuzi unapochungulia kwenye lenzi, au picha imepauka hata baada ya kusafisha, fundi redio asiifungue, najua mikono inamwasha, lenzi za ndani zimepangwa kwa vipimo ambavyo hatavirudisha. Ipeleke kwa fundi wa vifaa vya maabara, ulizia kwenye chuo au hospitali kubwa iliyo karibu wakuelekeze kwa wanayemtumia.

Na mkikuta doa la kutu lenye utando mweupe juu yake, msilifute. Kuna kuvu jeupe linaloishi kwa kuila hiyo kutu. Lipigeni picha kwa 100 na kwa 400 mnitumie, mwambie kijana wa bodaboda ashike simu, yeye ndo atakuwa na mkono usiotetemeka.